Mizani Isiyongoja

Radhia we, huyu kaka yangu Anuari leo kanichosha!

Si unaikumbuka ile programu ya mizani aliyoandika marehemu baba, enzi watu binafsi waliporuhusiwa kununua alizeti, naye akaanza kuinunua kwa wakulima? Kompyuta yake imekufa. Anuari kaihamishia kwenye mpya, ikagoma. Eti baba alitumia neno getch, na kompyuta mpya hailijui. Kahangaika asubuhi nzima, kafoka, mwisho kafuta kila mstari wenye getch. Ikakubali! Bwana akajipiga kifua.

Kumbe hiyo getch ndiyo iliyokuwa inasubiri mtu abonyeze kitufe. Na unaijua desturi ya baba: mkulima anasoma uzito wake, akiridhika anabonyeza mwenyewe.

Mkulima wa kwanza, Mzee Njiku, kaweka gunia, uzito ukatokea ukapotea hapohapo. Hajasoma kitu! Anuari anamwambia, “Mzee wangu, hesabu imeshaingia.”

Imeshaingia! Radhia, eti imeshaingia!

Mzee hakugomba hata. Kajitwisha gunia lake, na waliokuwa kwenye foleni wakaanza kubeba magunia yao. Mlangoni akageuka:

“Anuari, mashine ya baba yako ilikuwa inaningoja niseme sawa.”