Kitambaa cha Mama juu ya kompyuta

Jumatano, Kirolirwe

Ni wivu. Nisijidanganye kwamba ni uchovu.

Kompyuta ile ya zamani ya shule niliigundua mimi. Jana niliisafisha, nikaondoa kitambaa alichokifuma Mama cha kuifunika, nikaipiga picha mbele ya ukuta mweupe. Picha kumi na moja.

Leo Esther, mtoto wa shangazi, amekuja na simu yake tu. Amerudisha kitambaa, akakikunja pembeni kama mwanamke anayesogeza kilemba ili uso uonekane. Akapiga picha moja tu.

Papa Prefe, mkuu wa shule, ndiye anayechagua picha moja ya kwenda kwenye maonyesho Goma. Zangu alizipitia haraka. Ya Esther ikamchekesha kwa furaha.

“Huyu njo yeye! Njo alitutumikia miaka yote! Ya kwako, dada, iko kama maiti yenye wamesha kuosha.”

Esther hakucheka. Hilo limeniumiza zaidi.

Nyumbani, Mama alikuwa amekwisha kusikia kwamba picha yenye kitambaa ndiyo iliyochaguliwa. “Nani alikumbuka kitambaa yangu?”

“Njo mimi,” nikajibu, kana kwamba ni mimi niliyekikumbuka.

Alinikumbatia kwa nguvu. Kesho Esther anakuja kwetu kuchukua maziwa, na Mama atamweleza anavyonijivunia kwa kukumbuka kitambaa chake.