Udongo Wangu na Taa ya Zambarau

Jumanne. Jua la leo Kariakoo limenichoma mpaka ndani ya kofia, na hasira niliyonayo inalizidi hilo jua.

Mimi ndiye mfalme wa udongo wa kula hapa sokoni. Nusu ya watoto wa Buguruni wameumbwa na udongo wangu, baba zao walisaidia kidogo tu. Miaka yote naanika juani, nawaambia wajawazito jua limeua kila kijidudu. Mwezi uliopita nikaongeza taa ya zambarau. Muuzaji kaniapia, "Mzee, hii inaua mpaka wivu."

Leo kaja mjukuu wangu Zuhura. Ana mimba ya miezi sita, na kazi yake ni maabara. Kumbe kipande nilichompa juzi hakukila. Kakipeleka kazini, kakisaga, kakimulika na taa kama yangu, kakiwekea chakula cha vijidudu.

Vimeota.

Na kanisema mbele ya wateja. "Babu, hawajafa. Wamelala tu."

"Mke wangu, kwa jua hili hata mimi silali."

Hakucheka. Ile miale ya jua na ya taa anaiita urujuanimno, jina refu kuliko foleni ya Jangwani. Anasema kijidudu cha udongoni kikibanwa kinajifungia ndani ya ganda gumu, kinajikausha, na uzi wa uhai wake, anaouita DNA, kinauvalisha kinga. Miale inauumiza kidogo tu. Kikipata maji kinaamka, kinajishona palipoumia, ndipo kinaanza kula. Waliomo katikati ya bonge ndio kabisa, hata mwanga hawauoni.

Nimepigana na wababe mjini hapa, wote wamenikimbia. Leo nimepigwa na kitu nisichokiona. Jioni, baada ya kufunga biashara, nilimfuata yule wa taa. Duka kafunga, kahama.

Lakini pale sokoni, Zuhura alipomaliza kunisema, mkono wake ukaenda kwenye sinia langu. Kaona mwenyewe kwa macho yake, na bado hamu inamtesa. Nikaupiga ule mkono, nikafunika sinia kwa kanga.

Sijawahi kumnyima mtu udongo.

Ila alipoondoka tu, nikafunua. Nikauza mpaka saa kumi. Wawili walionunua walikuwa na matumbo kama lake.

Hasira yenyewe ndiyo hii, najikasirikia mwenyewe, nisimsingizie wa taa.

Wakirudi kesho, nitawaambia tena jua limeua? Hao nao si wana babu zao?