Jiwe la Mama Ndani ya Kamba

San Melchor Yaguía,
Oaxaca.
14 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu Nabor,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Hujambo wewe, na Zenaida mkeo, na mtoto? Mgongo unaendeleaje na hiyo kazi ya kuchuma zabibu? Sisi tu wazima, ila mimi nimechoshwa na watu, na wewe ni mmoja wao.

Barua yako niliipata. Unaniambia niwashirikishe wanakijiji kwenye makumbusho. Ahsante sana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mkutano wa kijiji uliponitwika kazi hii, mwaka mzima bila ujira, nilipita nyumba kwa nyumba kuomba vitu vya kale. Watu walitoa. Nikavipanga katika chumba cha kijiji, nikazungushia kamba, nikaandika "Usiguse". Katikati nikaweka jiwe la kusagia la marehemu mama, na jina lake ukutani.

Hakuja mtu. Nilitangaza kwenye kipaza sauti cha kijiji mpaka koo likakauka. Jirani yetu Bi Tiburcia akanijibu sokoni, mbele za watu: "Nije kutazama jiwe? Mbona ninalo jikoni, tena langu linasaga."

Mwezi uliopita mkutano ukasema chumba kikikaa kitupu mpaka Sikukuu ya Marehemu, kitakuwa ghala la mbolea. Niliumia, Nabor. Ukiacha kaburini, hakuna pengine palipoandikwa jina la mama.

Siku tatu kabla ya sikukuu Bi Tiburcia akaingia. Usifurahi, hakuja kutazama. Jiwe lake lilikuwa limepasuka, akataka kuazima la mama asage kakao ya kuwawekea wafu wake kwenye meza ya sikukuu. Nikakataa, nikamwonyesha kibao.

"We mtoto," akasema, "nimesagia jiwe hili kabla hujazaliwa. Na umeligeuza. Upande ulioinuka unakaa kwa msagaji, hata hilo hujui?"

Akaivuka kamba, na magoti yake yale mabovu, akaanza kusaga humo humo.

Basi wakaja wengine kumkosoa. Kufika adhuhuri walikuwa wanawake kumi na wawili, kila mmoja na mdalasini wake, wakibishana nani hasa alifundishwa na mama. Chungu kimoja kimevunjika. Sakafu inanata mpaka leo. Kamba yangu kuna mtu kaenda kumfungia mbuzi. Nilikasirika nikatoka nje nikalia, na sijui kama zilikuwa hasira tupu, maana harufu ile ilikuwa ya jikoni kwetu.

Jumapili iliyopita mkutano ukaamua chumba kibaki makumbusho. Kisha wakauliza nani ataishika kazi mwakani. Wote wakainamia viatu vyao. Nikasimama, nikawasomea barua yako neno kwa neno, hasa pale unaposema kila mtoto wa kijiji ashiriki, popote alipo. Wakaipenda mno. Mzee mmoja akasema, "Huyo ndiye." Desturi unaijua: aliyechaguliwa hurudi, hata akiwa California.

Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wangu. Unaanza Januari.

Nisalimie Zenaida, na umbusu mtoto. Mjomba Abundio na shangazi Crescencia wanakusalimu, na wanauliza utafika siku gani. Mungu akulinde njiani na akupe subira, utaihitaji.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikasirika,

Eufrosina