Shanga za Duka Lenye Msiba

Baba,

Ni mimi, Nasimiyu, na safari hii sikuandikii ili nilie. Kulia nilishalia, Kitale na Lodwar, mpaka Mama akaniambia ninywe maji nipumzike. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nakushuku, na jibu unalo wewe peke yako.

Kwanza habari za duka. Lipo. Lakini mwaka jana nusura tulizike pamoja nawe. Tulikulaza kaburini Kitale, na wiki mbili baadaye nikawa nimerudi Lodwar kufungua mlango, maana shule za wadogo zangu hazikungoja matanga yaishe. Nilipanga shanga kwa rangi kama ulivyonifundisha, nyekundu karibu na mlango, bluu na nyeupe juu, shuka nyuma. Nikakaa. Hakuja mtu. Wale wanawake wa Namoruputh, waliokuwa wakifika na kukuita kwa sauti kabla hata hawajaingia, walipita wakiangalia chini. Shanga zikadoda. Nikawa nazifuta vumbi kila asubuhi ili tu nisionekane sina kazi.

Unanijua. Ulikuwa ukisema hata chai nikipewa nainusa kwanza. Basi nikaanza kushuku watu, mmoja baada ya mwingine. Nilianza na jirani yetu muuza shuka, yule anayecheka sana, nikawa na hakika ananisema vibaya. Nikamshuku muuzaji wa jumla kwamba ananipa shanga hafifu, nikaziuma kwa meno. Zilikuwa zilezile zako. Watu wakaniambia ni ukame, wengine wakasema ni uchaguzi unakaribia. Sikuwaamini, kwa sababu wasichana walikuwa wakipita barabarani na shanga mpya shingoni. Walizitoa wapi?

Nikapunguza bei. Nikapaka ukuta rangi. Nikaleta sukari na majani ya chai, na hivyo vikanunuliwa na walimu na makarani, watu wa kuja kama sisi. Shanga hakugusa mtu. Nikaanza kuhesabu siku za kufunga duka na kuwaambia wadogo zangu warudi nyumbani.

Ndipo nikamgeukia Akiru. Huyu mama wa Nawoitorong alikaa mlangoni pako miaka yote, ukimpa tumbako kila asubuhi, ukatuambia anakusaidia na Kiturkana. Baada ya kifo chako alirudi kukaa palepale, kichwa kimenyolewa, shingo haina hata ushanga mmoja. Nilidhani ameuza zake kwa njaa. Mwezi wa kwanza tu aliniambia, "Mtoto, leta mbuzi. Tuchinje hapa kwa mlango." Nikasema moyoni, huyu anataka nyama. Nikamjibu kwamba tulichinja ng'ombe mzima Kitale, na inatosha. Akatema tumbako.

Kisha nikaanza kumwona. Wanawake wawili watatu wakikaribia mlango, yeye anasema maneno machache, nao wanageuka. Mara moja, mara mbili. Damu ikanichemka, Baba. Nikamwambia kwa sauti, barabara nzima ikisikia, aondoke akakae kwao. Alisimama polepole, akakung'uta nguo. Kesho yake nikamkuta ameketi upande wa pili, mbele ya kinyozi, anatazama duka letu. Nikajua kumbe amelipwa na jirani.

Nilifunga shanga kwenye magunia mawili, nikapanda lori kwenda Kakuma. Nilifikiri kule kambini kwa wakimbizi kuna watu wa kila nchi, hawajui fitina za Lodwar. Na kweli Wasudani walianza kununua. Nilikuwa nimeanza kutabasamu alipofika mama mmoja wa Kiturkana aliyekuwa akiuza makaa. Alichagua uzi wa bluu, akauvaa mkononi, akaugeuza kwenye jua. Akauliza nimetoka wapi. Nikasema kwa majivuno: Lodwar, duka la Mzee wa Shanga.

Aliuvua haraka kama umemchoma. "Huyo mzee si alikufa? Mbuzi mlichinja?"

"Tulichinja Kitale."

"Kitale iko huko. Shanga iko huku." Akanieleza kwa subira, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Mtu akifa, watu wake wanavua shanga. Mpaka mbuzi achinjwe na nyumba itakaswe, hakuna anayevaa, na hakuna mwenye akili atakayetoa shanga katika nyumba hiyo na kuzipeleka shingoni mwa binti yake. "Wewe nauza kifo, dada."

Niliketi juu ya gunia. Mwaka karibu mzima nilikuwa nikiwashuku watu, na kosa lilikuwa langu.

Niliporudi Lodwar nilivuka barabara hadi kwa kinyozi. Nikamsalimu kwa Kiturkana, ejok. Akiru akaitikia kama vile hatukugombana. Nikamuuliza alikuwa akiwaambia nini wale wanawake. "Mimi naambia wao wangoje. Mtoto ya mzee hajui. Wasizoee duka ingine." Baba, nilitamani ardhi ipasuke. Alikuwa akinishikia wateja, nami nikamfukuza mbele za watu.

Mbuzi nilinunua siku ya soko iliyofuata. Wanawake wa Nawoitorong walikuja, wakachinja mlangoni, wakachukua yale majani mabichi ya tumboni mwa mbuzi wakapaka kizingiti, rafu, na paji la uso wangu. Nilinuka vibaya na niliogopa kanisa litasema nini. Halafu Akiru akaingia ndani, akachagua nyekundu na nyeupe, akavaa wa kwanza, duru kwa duru, mpaka shingo yake ikajaa. Wengine wakamfuata. Kufikia saa sita rafu ya juu ilikuwa tupu, na tangu siku hiyo duka linapumua. Wadogo zangu wako shuleni.

Sasa nisikilize. Yule mama wa makaa alisema wanaovua shanga ni *watu wake*. Jirani anasikitika, anakuja kuketi, lakini shingo yake haiguswi. Akiru alikaa bila shanga tangu ulipokufa mpaka mbuzi alipochinjwa. Nilimuuliza, tukiwa wawili tu, baba yangu alikuwa nani kwake. Alinitazama sana, kisha akasema, "Uliza yeye."

Ndiyo maana nakuuliza, Baba. Na usinijibu kwa ndoto, sizielewi.

Mama anakuja Lodwar Desemba kuona duka. Akiru ameniambia siku hizo atabaki kwake Nawoitorong. Nimemkatalia. Nakuahidi atakuwa mlangoni na shanga zake zote, na Mama akiuliza huyu ni nani, nitamwambia ndiye aliyeokoa duka la mume wake. Hilo ni kweli tupu. Yaliyobaki utamweleza wewe mwenyewe, siku mtakapoonana.

Pumzika, Baba. Nakupenda, na bado nakushuku.

Wako,
Nasimiyu