Nilivyokimbia na Rungu Jeddah

Mjukuu wangu Mwakio,

Huku Voi sote tu wazima, na mama yako amevuna mbaazi hadi majirani wamepata. Umeniuliza kama kuna faida kuchezea timu ndogo ya besiboli huko Kanada, na nusu ya viti ni vitupu.

Nilipokuwa yaya Jeddah, madam wangu alikuwa akinichukua Ijumaa nimwangalie mtoto kwenye ua wa manesi wa Kifilipino, marafiki zake wa kazini. Manesi hao walicheza besiboli. Siku moja walipungukiwa mchezaji, wakaniita. Madam akampokea mtoto, akasema, “Yalla, nenda.”

Nikaupiga mpira ukagonga ukuta wa mbali, nikatimka na rungu mkononi, kama tulivyocheza raundas shuleni. Kumbe wao huliacha chini! Walicheka hadi wakaketi. Mara nikamsikia madam akipaza sauti: “Yalla, Wakesho!”

Tangu nifike nilikuwa nikiitwa shaghala, mtumishi, basi. Sikujua kwamba analijua jina langu. Hadi leo namshukuru.

Hao wachache wanaokuja kukutazama, wanakuita Mwakio? Basi cheza, baba.

Nyanya yako,
Wakesho