Shahidi wa Narelle

Hervey Bay, 3 Machi 2009

Mwanangu Narelle,

U hali gani? Mimi mzima, ukiacha goti, na ukiacha hawa kasuku weupe wanaotafuna mpira wa dirisha la karavani, hii nyumba yangu ya magurudumu, kila alfajiri. Simu zangu hupokei, basi naandika.

Habari zako nimezipata kwa mjomba wako Lindsay, maana wewe mwenyewe hukuona haja ya kuniambia. Anasema pale machinjioni umevishwa kofia nyeupe ya wasimamizi, unazunguka chumba cha kutolea mifupa na kalamu sikioni, na sasa unasomea cheti cha kusimamia watu. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mimi nilisimama mbele ya watu hao hao miaka ishirini, mjumbe wa chama cha wafanyakazi, na hakuna aliyenipa karatasi.

Nawajua hao mabwana. Wanamchukua mtoto wa mtu wa chama, wanampa kofia na kozi, halafu wanamtuma akawaambie wenzake yale ambayo wao wanaogopa kuyasema. Mimi pia walinijaribu. Warudishie kofia yao. Kisu chako kipo, kile nilichokupa mimi.

Kula vizuri. Ukikasirika huwa unakonda.

Baba yako,
Clarrie


Tarrawil, 16 Machi 2009

Baba,

Pole kwa goti. Huku baridi imeanza kubisha hodi. Mimi mzima, isipokuwa ule mkono, ambao hukuuliza habari zake. Wameupasua mara ya pili na kifundo bado hakikunjiki. Nikishika kisu, vidole vinakufa ganzi kabla sijamaliza paja moja. Kwa hiyo kisu chako kipo, mkono wa kukishika ndio haupo.

Kampuni imetangaza kwamba kila msimamizi awe na cheti ifikapo mwisho wa Juni. Asiyekuwa nacho arudi mezani kwenye visu. Mimi mezani siwezi kurudi, maana yake natoka getini, na wewe unajua mji huu una kazi gani nyingine. Hakuna.

Na si kozi ya kukaa darasani. Mtihani hakuna. Unatakiwa kuonyesha kwamba kazi unaiweza, ukiwa kwenye kazi yenyewe. Mpimaji ni mama mmoja anaitwa Voula. Anavaa mabuti na koti jeupe kama sisi, anasimama kando, ananitazama. Kwake hakuna kufaulu wala kufeli. Kila sehemu anaandika "ameweza" au "bado hajaweza", na ikiwa bado, unajaribu tena mpaka siku ziishe. Jambo la kwanza alilotaka ni kwamba kila asubuhi niongee na kila mtu wa kikosi changu mimi mwenyewe, uso kwa uso, si kumtuma mwingine. Nimeanza. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani.

Usinicheke, Baba. Sijapewa kofia hii kama zawadi.

Mwanao,
Narelle


Hervey Bay, 5 Aprili 2009

Narelle,

Leo sikuulizi hali.

Lindsay ameniandikia. Kumbe umemchongea kwa wakubwa. Ndugu wa mama yako, baba wa pili kwako, mtu aliyekufundisha kuendesha gari wakati mimi nilikuwa sina subira. Amesimamishwa kazi wiki mbili kwa sababu ya glavu. Ningekuwa na mkia ningeuficha katikati ya miguu.

Kwetu mtu hachongewi. Sikukulea hivyo, na marehemu mama yako hakukulea hivyo. Ivor Pegg, wakati wa mgomo wa '98, alipita katikati yetu pale getini akaingia ndani kuwafanyia kazi wakubwa, na hata yeye hatukumchongea popote. Nilisema neno moja tu: asisemeshwe. Mpaka leo, miaka kumi na moja, anakula pai yake peke yake na hakuna anayemwambia hata kwamba maji ya chai yamekwisha. Hakuna aliyeandika kitu, hakuna aliyeitwa ofisini. Hivyo ndivyo watu wanavyosimamiwa. Mweleze hivyo huyo mama wa mabuti.

Nimekuonea aibu, na nimemwambia Lindsay hivyo.

Clarrie


Tarrawil, 22 Aprili 2009

Baba,

Mimi nakuuliza hali, kwa sababu wewe ni baba yangu. Goti linaendeleaje?

Sasa sikiliza. Mjomba alikuwa anavua glavu ya waya, ile ya kukinga kisu, na kuificha chini ya meza, eti inampunguzia kasi. Nilimwambia kwa utaratibu, pembeni. Akacheka. Nikamwambia tena, akaniita "bosi mdogo" mbele ya watu, wakagonga visu mezani kumshangilia. Siku iliyofuata nikamkuta vile vile na kisu kikiteleza. Ndipo nikaandika. Wewe mwenyewe ndiye uliyemfunga Kelso mkono kwa aproni yako siku kidole gumba kilipokwenda na nyama. Mlikitafuta wote. Unataka nikitafute cha Mjomba?

Tangu hapo nikiingia chumba cha chai wanazima redio na kuinuka. Naweza kuvumilia hilo. Nisiloweza ni hili: Voula ameniandikia "ameweza" kila mahali isipokuwa sehemu moja. Anataka mtu mmoja wa kikosi changu, yeyote yule, aandike kwa mkono wake jinsi ninavyowaongoza. Nimewaomba mmoja mmoja. Wanatazama nyama.

Mwezi wa Juni uko karibu. Wewe wanakusikiliza mpaka leo. Sijawahi kukuomba kitu tangu nimeanza kazi. Sasa nakuomba uwaambie neno.

Mwanao,
Narelle


Hervey Bay, 6 Mei 2009

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi nimeamka vizuri leo, hata goti limetulia.

Umeniomba neno, nimelitoa. Ijumaa jioni nilipiga simu baa, saa wanayokuwa wote, nikaomba niwekwe kwenye spika. Walipiga kelele waliposikia sauti yangu, utadhani timu yao imechukua kombe. Nikawaambia: asimwandikie mtu. Aliye wa chama asitie mkono kwenye karatasi ya Narelle. Na kila aliyepo amwambie asiyekuwepo. Wakakubali.

Utanichukia, halafu utanishukuru. Huko unakokwenda nimewaona wengi wakienda, na hawakurudi kuwa watu. Bora ukwame sasa. Ukitoka getini, njoo huku. Kuna nafasi ya kitanda cha pili, nimeshatoa maboksi. Utapumzisha mkono na nitakutunza mimi, kama baba anavyopaswa.

Baba yako akupendaye,
Clarrie


Tarrawil, 19 Juni 2009

Baba,

Mimi mzima. Cheti nimekipata.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, nikakaa wiki kadhaa bila kukujibu kwa sababu kila nililoliandika lilikuwa tusi. Umenifungia mlango, mwanao mwenye mkono mmoja mzima, kisha unaniambia umetoa maboksi.

Nilishaanza kutoa vitu vyangu kwenye kabati la kazini. Nilikuwa naosha mabuti pale bombani, akaja Ivor Pegg, mtu pekee wa kikosi changu ambaye sikuwa nimemwomba, akasimama upande wa pili.

"Nasikia unatafuta mtu wa kukuandikia," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Nani aniambie mimi? Ulikuwa unambembeleza Joyleen, mimi niko nyuma ya mlango wa chumba cha baridi."

Nikamuuliza kama anajua kwamba Clarrie Tranter amekataza. Akauliza, amekataza nini? Alikuwa hajui, Baba. Mji mzima unajua, mpaka mwanamke wa duka la mikate amenitazama vibaya, na yeye hana habari. Nikamweleza yote, maana sikutaka kumpata kwa ujanja.

"Mimi sikuambiwa," akasema. "Lete kalamu."

Neno lako lilifika kwenye kila meza. Kwake halikufika kwa sababu wewe ndiye uliyekataza asisemeshwe, na watu wako ni watiifu.

Kitanda chako rudishia maboksi. Sitakuja huko, wala Krismasi sitakuja.

Narelle


Hervey Bay, 1 Julai 2009

Narelle,

Kwa hiyo binti yangu amepata cheti kwa mkono wa msaliti. Hongera. Kitundike mahali nisipopita.

Nilipiga simu baa Ijumaa. Lindsay aliniambia amerudi kazini na anavaa glavu, kisha akasema kuna kelele, hanisikii, akakata. Hakukuwa na kelele.

Usidhani nimelainika. Pegg kwangu ni yule yule mpaka nife. Lakini nina haki ya kujua jambo moja, kwa sababu mtu huyo amengoja miaka kumi na moja apate karatasi ya kuniandika. Aliandika nini juu yangu?

Clarrie


Tarrawil, 10 Julai 2009

Baba,

Natumaini goti limepoa.

Juu yako hakuandika hata neno. Nakunakilia yote, si marefu:

"Kila asubuhi Narelle ananisalimia kwa jina langu, halafu anangoja. Siku ya kwanza sikuweza kujibu, sauti ilikuwa haitoki. Alisimama pale akangoja mpaka ikatoka, na wenzangu wote wanatazama."

Voula alisoma mara mbili, akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akaandika "ameweza".

Narelle