Sahihi ya Nne ya Amoit

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Hapa nyumbani sote wazima. Baba Amoit mzima, kikohozi kimepungua. Nyanya mzima, ila magoti. Kijana wetu Etyang mzima, yuko na ng'ombe. Kuku wameangua. Amoit mzima pia, lakini hayuko. Yuko kwa Madam Perpetua, mwalimu wake wa chesi. Tena.

Jumatano, 7 Agosti

Amoit anataka cheo cha mwamuzi wa chesi. Ni kama refa, lakini watu wamekaa na hakuna filimbi. Lazima asimamie mashindano manne, na kila mara mwamuzi mkuu atie sahihi kwamba anafaa. Ana sahihi tatu. Ya nne ni Jumamosi, Amagoro. Akikosa, hajui mashindano mengine yatakuja lini.

Leo kasema, "Madam anasema nile vizuri." Madam anasema. Nimesema hivyo miaka ishirini. Mimi niliishia darasa la tatu, Madam amesoma. Namwonea wivu. Nimeandika, basi.

Nilimwomba Amoit anionyeshe saa yao ya chesi. Ina vibendera viwili. Kimoja kikianguka, muda wa mchezaji wake umekwisha. Nimeshika.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimechinja jogoo. Kesho Madam hatamlisha mtoto wangu mandazi.

Jumamosi, 10 Agosti

Aibu.

Nilipeleka chakula ukumbini saa sita. Kuku wa njugu, ugali wa wimbi. Amoit na Madam wamesimama bega kwa bega, mtoto hata hakuniona. Moyo ukachemka. Mbele yangu kibendera cha mchezaji mmoja, kijana wa Adungosi, kikaanguka. Mwenzake hajaona. Nikataka Madam ajue hata mimi najua. Nikasema kwa sauti, kibendera kimeanguka.

Ukumbi wote ukageuka. Kumbe mtazamaji hasemi kitu. Wa kudai ni mchezaji mwenyewe.

Nikaona Madam anamnong'oneza Amoit. Halafu mtoto niliyemzaa akaja, akasema, "Mama, tafadhali toka nje." Kama anamwambia mtu wa sokoni.

Nimerudi kwa miguu na chakula changu. Yule mwanamke amenichukulia mtoto.

Jumapili, 11 Agosti

Sikuenda kanisani. Amoit alikuja jikoni na karatasi. Sahihi ya nne iko. Nikamwambia, Madam wako amefurahi, alikutuma unifukuze.

Akaweka karatasi chini.

"Madam aliniomba nikuache, mama. Alisema utaona aibu. Ni mimi nilikataa. Angekuwa mama wa mtu mwingine ningemtoa."

Kumbe jana ukumbini mwamuzi mkuu alikuwa nyuma yao, alisikia yote. Jioni akatia sahihi bila kuuliza swali.

Amekula kuku wa jana, baridi, akiwa amesimama. Nikamwongezea ugali.

Jumamosi, 17 Agosti

Wameenda Nairobi kupeleka karatasi za cheo, Amoit na Madam. Nimewafungia kuku, makopo mawili. Moja la Madam. Wivu bado uko.

Nilimshika Madam mkono. Nikamwambia mkifika tu, piga simu pale dukani, wataniita. Usichelewe. Usingoje Amoit akumbuke.